Maharagwe ya Tarehe Moja

Mimi ni mshonaji, na mshonaji hujua habari za watu kabla wenyewe hawajazisema. Aliyenenepa namjua, aliyekonda namjua, na anayetaka gauni la harusi upesi kwa sababu tumbo halingoji naye namjua, ila nanyamaza. Kwa hiyo nikisema kwamba Desemba ya mwaka 1999 mtaa wetu wa Nyakasanza, hapa Bunia, mashariki mwa Kongo, ulikuwa umekonda kwa woga, mtu asinibishie. Niliwapima mimi mwenyewe.

Katsuva, fundi wa redio, ndiye aliyetuletea woga wa kwanza. Alisikia katika redio ya Kifaransa kwamba ikifika mwaka elfu mbili kompyuta zote za dunia zitachanganyikiwa, ndege zitaanguka na kila kitu kitasimama. Tulitetemeka. Mtaa mzima haukuwa na kompyuta hata moja, na umeme ulikuwa umetusahau tangu zamani, lakini tulitetemeka. Kisha vikundi vya maombi vikaleta woga wa pili: giza la siku tatu, halafu Bwana arudi. Mishumaa ikaisha sokoni. Mimi nilinunua pakiti mbili, mimi niliyeshonea kwa taa ya mafuta miaka yote hiyo bila kulalamika giza.

Nawacheka wenzangu na najicheka mwenyewe, lakini si sana. Mwaka ule vita vilikuwa vimeanza vijijini, na kila juma walifika watu wenye magodoro kichwani na watoto mgongoni. Mjini tulikuwa na amani, ndiyo. Soko lilifunguliwa, watoto walikwenda shule, kengele za kanisa zililia kwa wakati wake. Lakini nyuma ya mlango wa kila nyumba kulikuwa na mzigo uliokwisha kufungwa, kwa kuwa hakuna aliyejua atakimbia lini. Mtu anayelala hivyo, ukimwambia dunia inaisha Ijumaa, hakuulizi unajuaje. Wahenga walisema kifo cha wengi ni harusi. Mimi methali hiyo niliiweka chini mwaka ule, kwa sababu niliwaona wale waliofika, na hakuna aliyekuwa na sura ya harusini.

Sasa nije kwa Valérie, maana ndiye ninayetaka kumsimulia.

Valérie alikuwa mpishi wa sherehe. Si mpishi wa hoteli, wala wa nyumba ya mzungu. Ukioza binti, ukibatiza mtoto, mwanao akipata diploma, unamwita Valérie. Alikuja na masufuria yake makubwa, yale ambayo mtoto anaweza kuogea ndani, na mwiko mrefu kama jembe, na alipofika uani mwako hata mwenye nyumba aliomba ruhusa kabla ya kupita. Alikuwa na sauti kubwa na kicheko kikubwa zaidi. Alimkaripia kila mtu, akamshibisha kila mtu. Nimeona watu wawili waliokuwa hawasemezani wakipelekwa na Valérie kuchambua mchele katika ungo mmoja, na ilibidi wasemezane.

Mumewe, Baudouin, mtu wa Boga, alikuwa dereva wa lori. Siku ambazo hakuwa safarini alimfuata mkewe kwenye sherehe kwa kazi moja tu, nayo ni kuonja. Valérie alimdondoshea mchuzi katika kiganja, Baudouin akaulamba, akafumba macho kama mzee wa baraza anayetaka kukata kesi, kisha akasema, "Iko bado kidogo." Akatandaza kiganja tena. Chumvi ilikuwa sawasawa tangu mara ya kwanza. Kila mtu alijua, Valérie kuliko wote, na kila mara alimdondoshea tena.

Katikati ya mwaka 1998 homa ilimchukua Baudouin kwa siku chache tu. Tulimzika, na jioni ile dada yake mkubwa, Lucienne, alimvisha Valérie nguo nyeusi na kumfunga kipande cha kitambaa cheusi katika kifundo cha mkono wa kuume. Hiyo ndiyo desturi ya ukoo wao. Mjane hubaki na kitambaa mwaka mmoja, na dada ya marehemu aliyekifunga ndiye anayekifungua, siku ya kutosha matanga, yaani kuyaondoa, watu wakila na kunywa na kucheza. Kabla ya hapo mkono ule haugusi sufuria ya sherehe ya mtu yeyote. Nani atakubali wali wa harusi ya binti yake ukorogwe na mkono wenye kitambaa cha kaburi?

Ndivyo mpishi wa furaha za watu alivyokaa nyumbani. Akauza mkaa pale mlangoni, ili yeye na binti yake Elodie wapate chakula. Mwaka ulipotimia, akaniletea kitenge cha manjano chenye ndege wa kijani, nikamshonea gauni la siku ya kufunguliwa. Ndipo vita vikaanza na njia zikafungwa, ukoo wa Boga haukuweza kufika, na gauni likabaki limening'inia nyuma ya cherehani yangu tangu Juni hadi Desemba. Kila mteja aliyeingia alilitaka. Niliwaambia lina mwenyewe.

Desemba njia ikatulia. Gérard, kaka mkubwa wa Baudouin, akafika kutoka Boga kwa ajili ya sikukuu, na wakakaa kikao pamoja na Lucienne nyumbani kwa Valérie. Nami nilikuwapo, nimepeleka gauni lijaribiwe, kwa kuwa mwenyewe alikuwa amepungua sana ndani ya weusi ule. Gérard ni mtu mwema, ila hukubaliana na yeyote aliyesema mwisho. Alisema tarehe ya kwanza Januari, Bonane, yaani sikukuu ya mwaka mpya, ni siku nzuri, Jumamosi, watu wote watakuwapo.

Valérie akamgeukia wifi yake, ambaye alimwita yaya, yaani dada mkubwa. "Yaya Lucienne, siku njo hiyo. Ndugu wote watakuwa hapa juu ya Bonane. Utanifungua?"

Lucienne alikuwa mwanamke mwembamba, mkavu, asiyependa kelele, mmoja wa watu wa maombi. Mama yao alikufa Baudouin akiwa bado ananyonya, na Lucienne, msichana bado, akambeba mgongoni na kumlea mpaka akaoa. Kila mtu alilijua hilo, na kila mtu alikuwa amelisahau.

"Hapana," akasema. "Bwana iko mu njia. Mutu hawezi kutosha matanga wakati Bwana anakuya."

"Kama anakuya, si anakuya kufufua Baudouin?" Valérie akajibu. "Sasa anikute na nguo ya weusi juu ya mutu mwenye anamufufua? Atanicheka, yaya."

Sisi tulicheka. Gérard alicheka kisha akakohoa. Lucienne hakucheka.

"Mimi napanda kilima na wenzangu tarehe trente et un, siku ya mwisho ya mwaka," akasema. "Tutangoja kule. Kama dunia itabakia, nitakuya mimi mwenyewe asubui, nikufungue."

Maneno hayo sote tuliyaelewa kuwa kukataa. Mtaani maneno yakaenea kwamba wifi ni wifi, kwamba Lucienne alimwonea Valérie wivu tangu siku ya mahari, kwamba maombi ni kisingizio tu. Nami nilisema hivyo, tena kwa sauti. Ni Valérie peke yake aliyeyasikia yale ya Lucienne kuwa ahadi.

Siku iliyofuata nilimwendea na mkasi wangu mkubwa. Kuona mtu amefungwa na kitu ambacho mimi hukikata kutwa nzima kulinitia hasira. "Mama Elodie," nikamwambia, "leta mukono. Ni kukata mara moja tu, na kesho unapika."

Aliuangalia mkasi kwa muda, na nilidhani atakubali. Kisha akaurudisha mkono wake chini ya kitenge.

"Baba Christella, mukasi haikunifunga," akasema. "Nikikata, nitapika, ndiyo. Lakini yaya atapita kwa njia yake na mimi kwa yangu mupaka kufa, na Elodie hatakuwa na shangazi. Nataka anifungue na mikono yake."

"Na kama hatakuya?"

Hapo sauti ile kubwa ilipungua. "Kama hatakuya, njo nitabakia hivi. Nitaacha kupika."

Nikarudi kwenye cherehani yangu. Niliona kwamba wengine wote mtaani walikuwa wanaogopa kesho itakosekana, na huyu mmoja alikuwa anaogopa kesho itafika na mtu asitokee. Woga wake ulikuwa wa maana kuliko wetu, lakini yeye hakununua mishumaa.

Ijumaa, tarehe thelathini na moja, jua likianza kupungua, watu wa maombi wakapita njiani kuelekea kilimani, wamevaa nyeupe na kuimba polepole. Valérie alikuwa mbele ya nyumba yake ameinama juu ya beseni kubwa la alumini. Alikuwa amechambua maharagwe gunia zima na sasa anayamiminia maji, ndoo baada ya ndoo. Maharagwe unayaloweka leo ili uyapike kesho, hakuna sababu nyingine. Kila aliyepita aliona na kuelewa. Wengine walitikisa kichwa, kijana mmoja akapiga kelele kwamba mama huyu anaandalia mashetani chakula.

Lucienne alikuwa katika msafara ule, na mfurushi kichwani. Alisimama.

"Maharagi yote hii ni ya nini?"

"Ya kesho, yaya."

Lucienne akayatazama maharagwe yale kwa muda mrefu, kisha akamtazama wifi yake. Akarekebisha mfurushi wake na kuwafuata wenzake.

Baada yao alikuja mama Anastasie, jirani yetu mwenye asili ya Mahagi, Mkatoliki asiyekosa misa, na jogoo kwapani. Alisimama kwa aibu kidogo.

"Mama Elodie, nimefikiri juu ya jogoo yangu. Kama siye tunaenda mbinguni, nani atamupa mahindi?"

"Mulete," Valérie akasema.

"Unamuchinja leo?"

"Wa kesho anachinjwa kesho. Mufunge pale kwa muti."

Sijui habari ile ilisafiri kwa miguu gani. Kabla ya giza watu walikuwa wanatoka kila upande, huyu na kuku, yule na mkungu wa ndizi, mwingine na mafuta ya mawese yaliyokuwa akiba ya nyumba. Katsuva alileta bata. Hakuna aliyekubali kwamba amekuja kwa sababu anatumaini. Wote walisema wanaona vibaya kuacha mifugo bila mwenyewe. Familia moja ya wale waliofika na magodoro ilileta chumvi katika karatasi, kwa kuwa ndicho walichokuwa nacho. Valérie aliipokea kwa mikono miwili. Mimi nilipeleka jogoo wangu, mkorofi mmoja aliyekuwa akinidonoa miguu kila siku, na nilipomfunga pale nilimwonea huruma, nikamwambia tutaonana. Kisha nikaenda kulala na mishumaa yangu.

Kilichotuamsha mwaka elfu mbili si tarumbeta. Ni majogoo. Majogoo wa mtaa mzima, ambao kila siku huwika kila mmoja kwake, asubuhi ile walikuwa katika ua mmoja, wamefungwa karibu karibu, na kila mmoja alitaka kuwa wa mwisho kusema. Kelele zile hamjapata kuzisikia. Nilikuwa kitandani, macho wazi, nikamtambua wa kwangu kwa sauti yake ya ugomvi, nikaanza kucheka. Mke wangu akacheka. Nyumba ya pili nikasikia wanacheka, na ya tatu, na mtu akapiga kelele kutoka barabarani, "Bonane! Siye tuko!" Nilitoka nje nikaliona jua limekaa mahali pake. Niseme kweli, nililia.

Watu wakamiminika kwa Valérie. Kuni zilikuwa zimepangwa, masufuria yamesuguliwa, mawe matatu matatu yamekaa tayari chini ya kila moja. Maharagwe yalikuwa yamevimba mpaka ukingo wa beseni. Lakini moto haukuwashwa. Valérie alikaa juu ya kiti kidogo katika nguo zake nyeusi, mkono wa kuume juu ya paja, akiitazama njia. Gauni lake nilikuwa nimelibeba mkononi, limepigwa pasi.

Jua likapanda. Watoto wakaanza kulia njaa. Watu wa kilimani tuliwaona wakirudi mmoja mmoja kupitia njia za nyuma, vichwa chini, nguo nyeupe zimejaa vumbi. Nani angetaka kupita mbele yetu, na vijana wetu wenye ulimi mrefu? Nikaelewa kwamba Lucienne hatakuja. Si kwa ubaya tena, kwa aibu. Gérard akasema labda tungoje kidogo, mtu mwingine akasema labda tuanze, Gérard akasema ndiyo, labda tuanze. Valérie aliendelea kuitazama njia.

Ndipo akatokea. Alipita barabara kubwa, peke yake, miguu mitupu, mfurushi kifuani. Vijana walimwona, wakampisha. Aliingia uani, akafika penye beseni la maharagwe. Akaketi chini katika vumbi.

"Baudouin hakukuya," akasema.

Akaulaza mfurushi mapajani.

"Nilimungojea yeye. Wengine walingoja Bwana, mimi nilimungojea yeye. Nilimubebea nguo."

Akaufungua mfurushi. Kulikuwa na suruali, na shati la mistari ya buluu lililokunjwa vizuri. Shati lile nililishona mimi, kwa sikukuu ya Pasaka, mwaka wa mwisho wa uhai wake. Kola yake ilikuwa imefuliwa na kupigwa pasi. Alikuwa amekesha kilimani usiku mzima na nguo za ndugu yake, ili akifufuka asione aibu mbele za watu. Na sisi tulisema ni wivu. Mimi nilisema.

Valérie aliinuka. Akaenda akakaa naye chini, mabega yakagusana.

"Yaya, nilizani unanikataza kuishi," akasema.

"Kitambaa ile, njo nilibakia nayo tu," Lucienne akamwambia. "Kila nikiiona nasema, bado tuko tunamulilia. Nikikufungua, nani atamulilia tena?"

"Siye wawili. Hatutamaliza leo." Valérie alikuwa analia na kamasi zinamtoka, hakujali. "Lakini tangu jana haujakula, yaya. Fungua, halafu tumulilie na tumbo imeshiba."

Lucienne akaushika mkono ule. Fundo lilikuwa limekauka na kukaza mwaka mmoja na nusu, vidole vyake vikashindwa. Nilikuwa na mkasi mfukoni, nami nikauacha mfukoni. Akainama, akalishika fundo kwa meno, akalivuta mpaka likaachia. Ngozi iliyokuwa chini ya kitambaa ilikuwa na rangi nyingine, laini. Lucienne aliipaka maji ya beseni kwa kiganja chake, akakikunja kitambaa na kukitia katika mfuko wa lile shati la mistari. Mama Anastasie akapiga kigelegele cha kwanza cha mwaka.

Basi moto ukawaka. Valérie akatoka ndani katika manjano na ndege wake wa kijani, gauni likimpwaya kidogo kiunoni, jambo lililonikera mimi peke yangu, na sauti ile ikarudi. Alimkaripia Gérard kwa kukaa katika njia ya moshi. Alimtuma Katsuva maji. Yule kijana wa mashetani alipewa vitunguu vyote avimenye, akavimenya akitoa machozi na watu wakimwuliza kama anatubu. Waliofika na magodoro walikaa kati yetu. Kule vijijini hakuna kilichokuwa kimekwisha, tulijua, na mzigo nyuma ya mlango hakuna aliyeufungua siku ile. Lakini mtoto wa wale watu alikuwa anacheza na Elodie kando ya ngoma, nami nilikuwa namtazama jogoo wangu akinyonyolewa bila kinyongo.

Alasiri maharagwe yakawa tayari. Valérie aliyakoroga, akachota mchuzi kwa ncha ya mwiko, akageuka upande wa kushoto kama alivyogeuka miaka yote, mahali pa Baudouin. Hapakuwa na mtu. Akabaki ameinua mwiko, mchuzi ukidondoka chini.

Lucienne alikuwa ameketi penye kuni na shati lile mapajani. Aliinuka, akaja akasimama pale pale, akatandaza kiganja chake chembamba. Valérie akamdondoshea. Lucienne akalamba, akafumba macho muda mrefu.

Mimi baadaye niliyala maharagwe yale, sahani mbili, na chumvi ilikuwa sawasawa.

"Iko bado kidogo," Lucienne akasema, na akatandaza kiganja tena.

Valérie akamdondoshea.